Kikao Kikiisha Bila Swali

Ukiwa mkuu wa mahali pa kazi popote Singida, kuanzia Kiomboi hadi Itigi, kuna jambo moja linalopaswa kukukosesha usingizi kuliko deni la umeme au barua ya mkaguzi, nalo ni kikao cha wafanyakazi kilichokwisha bila swali. Umesoma ajenda, umetoa maelekezo, umefika kwenye mengineyo, umeuliza kama kuna mwenye la kusema. Kimya. Ukashukuru kwa ushirikiano, ukafunga. Dakika chache baadaye watu walewale wamesimama chini ya mti penye pikipiki zao, au wameketi kwa mama lishe, na huko ndiko kikao chenyewe kinakofanyika. Huko ndiko inakosemwa kwamba gari ulilolipangia safari ya Jumatatu lina breki mbovu, kwamba ratiba mpya ya zamu haitekelezeki kwa sababu wawili wananyonyesha, kwamba mzabuni uliyemsifu ameleta mzigo pungufu. Wote wanajua. Usiyejua ni wewe.

Makala haya ni kwa ajili yako wewe mwenye watu chini yako: mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mkuu wa idara, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, msimamizi wa ghala. Nataka tuzungumze namna ya kukileta kile kikao cha chini ya mti ndani ya ofisi. Semina nyingi za uongozi humfundisha mkubwa kusema: asimame vipi, atumie mifano gani, awatie watu hamasa kwa sauti ya namna gani. Ufasaha una faida yake. Lakini wakubwa wengi ninaowafahamu walioharibikiwa kazini hawakuharibikiwa kwa kukosa maneno. Habari mbaya ziliwafikia zikiwa zimechelewa, kupitia kwa watu waliokwisha kuzipamba, wakati uharibifu umeshatokea. Mimi hupima mawasiliano ya kiongozi kwa yale yanayomfikia.

Tuanze na chanzo cha ukimya wenyewe, maana tukikikosea, dawa nayo itakosea. Wengine husema wafanyakazi wetu ni waoga au hawajali. Sikubaliani nao. Mtoto wa Kinyaturu au Kinyiramba, sawa na mtoto wa Kigogo kule Manyoni, hufundishwa mapema kutomkatiza mtu mzima anapozungumza wala kumsahihisha mbele za watu. Hiyo ni adabu, na jamii iliyoipoteza imepoteza kitu cha thamani. Tatizo huanza adabu hiyo inapoingia ofisini na mkubwa akaichukua kuwa ridhaa. Watu wamekunyamazia kwa heshima, nawe umehesabu kura. Kwa hiyo kazi ya kuvunja ukimya ni ya anayeamkiwa. Anayeamkia hawezi kuianza bila kuonekana mtovu wa nidhamu, na hupaswi kumdai ujasiri ambao malezi yake yote yamemkataza.

Jiografia nayo inazidisha uzito. Mkoa huu una wilaya tano na halmashauri saba, na watumishi wake wengi wako mbali sana na meza ya mkubwa. Muuguzi aliye kwenye zahanati ya kijiji huko Mkalama, au mwalimu aliye upande wa Mitundu ambako vichaka vya Itigi vimefunga pande zote, anaweza kukaa muda mrefu bila kumwona mkuu wake wa idara uso kwa uso. Mvua za masika zikiharibu barabara, muda huo unarefuka. Mkuu aliyeko makao makuu ya wilaya anaona kwa masikio tu. Masikio yakizibwa, hata kwa heshima, anaendesha kazi gizani.

Nichukue mfano wa kazi inayojulikana na kila nyumba hapa kwetu, alizeti. Mavuno yanapoanza kuingia kuanzia Mei, kiwanda kidogo cha mafuta kinafurika magunia. Kibarua anayepokea mzigo anaweza kujua kwa kutia mkono tu ndani ya gunia kwamba mbegu hazijakauka. Anajua pia kwamba mbegu mbichi zikirundikwa ghalani hupata joto, huota ukungu, na mafuta yake hayatakuwa na ubora. Lakini bosi amesema asubuhi, kwa sauti kubwa, kwamba leo anataka idadi fulani ya magunia na hataki visingizio. Kibarua anapokea. Ndani, mwendesha mashine anaona mashudu yanatoka yakiwa yanang'aa kwa mafuta, dalili kwamba vyuma vya kukamulia vimelika na sehemu ya faida inaondoka na chakula cha mifugo. Wiki iliyopita aliposema mashine ina shida aliulizwa kama yeye ni injinia. Sasa ananyamaza. Msimu ukiisha, mwenye kiwanda anahesabu madumu, anakuta hesabu haikai, anaanza kumtafuta mwizi. Hakuna aliyeiba. Alikuwa na watu wawili waliojua mapema jambo ambalo lingemwokolea fedha, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga mdomo.

Hospitalini gharama ni kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia baada ya kuchunguza zaidi ni kwamba timu nzuri hazikuwa zikikosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema walipokosea, hivyo makosa yalionekana na kurekebishwa. Kwenye timu za mkubwa mkali makosa yalifichwa. Nakuomba wewe mganga mfawidhi au muuguzi mfawidhi uitafakari habari hiyo unapofungua daftari lako la matukio na kukuta kurasa tupu za miezi mitatu. Usifurahi upesi. Jiulize ni nani aliyefundishwa, na kwa tukio gani, kwamba kuandika humo ni kujitia matatani.

Sasa tuje kwenye kutenda. Jambo la kwanza ni kuliacha lile swali la "kuna mwenye swali?" Limekufa; watu wamezoea kulijibu kwa kimya. Uliza swali ambalo kimya hakiwezi kulijibu. "Tukishindwa kumaliza kazi hii kufikia Ijumaa, ni kitu gani kitakuwa kimetukwamisha?" Hapo humwombi mtu akupinge, unamwomba akusaidie kuona. Au mtaje mtu kwa kazi yake: "Dereva, barabara ya huko ikoje sasa hivi?" "Mtunza stoo, tukitoa mzigo huu leo kinabaki nini?" Mtu akiulizwa jambo la utaalamu wake anajibu bila kujiona anabishana na mkubwa, na majibu ya namna hiyo mawili matatu yakishatoka, wengine nao wanaona mlango uko wazi.

Jambo la pili ni mpangilio wa kusema. Ukianza wewe, umemaliza. Ukieleza maoni yako kisha ukawauliza wengine wanaonaje, unachokipata ni mwangwi. Mkubwa aseme mwisho, na aliye mdogo kuliko wote aanze. Usiishie kwa wenye shahada. Mhudumu wa usafi, mlinzi wa usiku na dereva wanajua mambo ya taasisi yako ambayo hayamo kwenye taarifa yoyote, na mara nyingi hawaalikwi hata kwenye vikao. Waalike. Na kama ofisini kwako wanawake wanazungumza tu wanapoulizwa kuhusu chai, lichukue hilo kuwa hitilafu katika uongozi wako na ulirekebishe wiki hii.

Tatu, fupisha na uongeze. Kikao kimoja kirefu cha robo mwaka hakitoshi. Kwenye migodi mikubwa ni kawaida zamu kuanza kwa mazungumzo mafupi ya usalama watu wakiwa wamesimama, na sasa kwa kuwa mgodi wa Shanta kule Ikungi umeanza kutoa dhahabu tangu 2023, vijana wengi wa mkoa wetu watauzoea utaratibu wa aina hiyo. Hauhitaji mgodi. Mwalimu mkuu anaweza kuwa nao kabla ya kengele, mwenye kiwanda kabla ya kuwasha mashine: jana nini kilikwama, leo nani anahitaji msaada, kuna hatari gani. Dakika kumi, hakuna hotuba.

Lakini haya yote hayana maana kama utashindwa kwenye sekunde chache za mwanzo baada ya mtu kukuletea habari mbaya. Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa, na ninataka tukae hapo kidogo. Mtunza stoo anaingia, anasema dawa ya mseto ya malaria imeisha wakati mzigo mwingine haujulikani utafika lini. Uso wako ukikunjamana, ukauliza "ulikuwa wapi muda wote huo?", umepata jibu la leo na umepoteza la mwaka mzima, maana walioko nje ya mlango wanasikiliza. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na wengi huitaja methali hiyo kwa kulalamika, kana kwamba ni mzigo waliobebeshwa. Mimi naiona ni maelezo ya kazi. Taka zisizotupwa jalalani hubaki sebuleni. Basi anza kwa kushukuru, hata kama moyo unachemka: "Umefanya vizuri kuniambia." Kisha uliza tunafanya nini sasa. Swali la nani alizembea lina siku yake, na lina utaratibu wake, lakini si saa ile na si mbele ya watu.

Mtu akishakuambia jambo, anasubiri. Hapa ndipo wakubwa wengi wema huharibu: wanasikiliza vizuri, wanaandika, wanaahidi kulifanyia kazi, na jambo linapotea. Baada ya mara mbili tatu wafanyakazi hujifunza kwamba kusema ni kupoteza pumzi. Weka utaratibu rahisi. Kila hoja iliyotolewa iandikwe kwenye muhtasari ikiwa na jina la anayeishughulikia na tarehe ya kujibiwa, na kikao kinachofuata kianze kwa majibu hayo kabla ya ajenda mpya. Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, linaweza kuwa bado. "Hapana" yenye sababu ni heshima. Nimewaona watu wakiendelea kujituma chini ya mkubwa aliyewanyima walichoomba, kwa sababu aliwaeleza kwa nini. Na nimewaona wengine wakikata tamaa chini ya mkubwa mpole aliyekuwa akisema "nimelichukua" kila mara.

Kuna historia ya nchi hii ambayo kila meneja angepaswa kuijua. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda mbalimbali waligoma, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda chenyewe na kuendelea kuzalisha. Issa Shivji, aliyeichambua migomo hiyo katika kitabu chake cha 1976, anaonyesha kwamba malalamiko mengi ya kipindi kile hayakuwa juu ya mshahara kwanza. Yalikuwa juu ya matusi, ubabe na kudharauliwa na mameneja. Watu wenye mishahara midogo, wenye familia za kulisha, walikuwa tayari kuhatarisha kazi kwa sababu ya namna walivyokuwa wakisemeshwa. Zaidi ya nusu karne imepita, nami sioni kwamba binadamu amebadilika katika hilo.

Ndiyo maana nasisitiza: usimkaripie mtu mbele ya wenzake, wala mbele ya wananchi anaowahudumia. Muuguzi aliyefokewa mbele ya wagonjwa atarudi kwenye wodi ileile, kwa wagonjwa walewale, akiwa hana uso. Mwalimu aliyeaibishwa mbele ya wanafunzi amenyang'anywa kifaa chake cha kazi. Mwite chumbani, funga mlango, eleza kosa lenyewe kwa tarehe na tukio, acha aseme upande wake. Sheria nayo iko upande huo. Kwa waajiri wa sekta binafsi, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi anayetuhumiwa apewe tuhuma zake na muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake kazini. Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko haliangaliwi kosa tu. Utaratibu nao unaangaliwa. Mwenye kiwanda anayemfukuza mtu kwa hasira saa nne asubuhi anaweza kuwa na sababu ya haki kabisa na bado akashindwa.

Hapa naingia kwenye jambo linaloniuma: makundi ya WhatsApp ya kazini. Yamekuwa ubao wa matangazo, daftari la mahudhurio, mahakama na jukwaa la kufokea, yote kwa pamoja. Saa nne usiku ujumbe unaingia: orodha ya shule au zahanati zilizochelewesha taarifa, majina ya wahusika yameandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake agizo kwamba wajieleze kabla ya saa mbili asubuhi. Walio kwenye kundi wanaitikia kwa "sawa mkuu", mmoja baada ya mwingine. Mkubwa analala akiamini amewasiliana. Alichofanya ni kuwaaibisha watu wachache mbele ya wenzao wote, tena kwa maandishi, na kuwaonyesha waliobaki kwamba zamu yao itafika. Na aliyeko mahali penye mtandao wa kubahatisha, ambaye pengine taarifa yake imekwama kwa sababu hiyohiyo, ataiona aibu yake kesho mchana, wengine wote wakiwa wameshaisoma.

Mkiwa na kundi kama hilo, kaeni mkubaliane matumizi yake. Kundi ni la matangazo na taarifa za haraka. Makosa ya mtu yapigiwe simu au yazungumzwe ana kwa ana. Pongezi ziende kundini, zikitaja kitendo halisi, si "hongereni kwa kazi nzuri" ya jumla ambayo haimgusi yeyote. Maagizo rasmi yaandikwe kwa barua au dokezo hata kama yametangulia kundini, maana siku ya utata hakuna atakayekumbuka ujumbe uliokuwa juu ya picha za harusi. Na uwepo muda wa kunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, na saa tisa kwa siku, kuwa ukomo wa kazi ya kawaida. Ukimtumia mtu agizo usiku na kutaka majibu usiku, umemwongezea kazi bila kumlipa. Dharura zipo, hasa hospitalini. Dharura ipigiwe simu. Kama inaweza kuandikwa kwa aya tatu, inaweza kusubiri kesho.

Tufike kwenye hamasa, au motisha kama wanavyoiita maofisa utumishi. Watu hupenda kusema fedha siyo kila kitu, na wanaosema hivyo mara nyingi wameshalipwa. Frederick Herzberg, katika utafiti aliouchapisha 1959, alitenganisha mambo mawili: yale yanayomkera mfanyakazi yakikosekana, kama mshahara, usimamizi wa haki na mazingira ya kazi, na yale yanayomfanya aipende kazi, kama mafanikio, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu wenye uzito. Mafundisho yake yamepingwa hapa na pale, lakini kwa mazingira yetu nayaona yana msaada mkubwa. Kundi la kwanza halitamfanya mtu awe hodari. Likikosekana litamfanya asikusikilize unapozungumzia la pili. Usimpe kibarua cheti cha mfanyakazi bora wakati malipo yake ya wiki mbili uko nayo mfukoni.

Kwa mwenye kiwanda au ghala, basi, hatua ya kwanza ya motisha ni kulipa siku uliyosema, kiasi ulichosema, na kuhesabu mzigo mbele ya waliobeba. Kibarua wa msimu hana baraza wala chama. Ana neno lako tu. Anayelipa kwa uhakika hapati shida ya kupata watu msimu unaofuata, hata kama jirani anaahidi zaidi, kwa kuwa vijana wa Iguguno na Shelui wanaambiana.

Kwa mkuu wa ofisi ya umma mambo ni tofauti, na ni vema kuyasema bila kuficha. Mshahara na kupanda daraja haviko mikononi mwako. Usiwaahidi watu usichoweza. Lakini kuna mengi madogo yaliyo mikononi mwako, na ndiyo yanayowaumiza zaidi kwa sababu wanajua ungeweza. Nani anapelekwa semina? Nani anasafiri kwenda Dodoma na kulipwa posho, na nani anabaki kushika kazi za aliyesafiri? Kama majina ni yaleyale kila mara, hotuba yako ya kujituma haitaingia masikioni mwa mtu. Tengeneza orodha ya zamu ya safari na mafunzo, ibandike ukutani, na atakayerukwa aelezwe sababu. Mtumishi ana malimbikizo? Huwezi kuyalipa, lakini unaweza kuhakikisha nyaraka zake zimekamilika, zimesainiwa na zimetumwa, kisha ukamwambia zimefika wapi. Mwalimu mgeni amepangiwa kijiji ambacho nyumba ya kupanga haipatikani? Piga simu kwa mtendaji wa kijiji kabla hajashuka kwenye basi. Mtu aliyepokewa vizuri wiki ya kwanza haombi uhamisho wiki ya pili.

Kumtambua mtu kunahitaji kumjua. Mkubwa anayejua kwamba muuguzi fulani ndiye aliyefanya akina mama wa kijiji kile waanze kuja kliniki mapema, akalisema hilo kwa jina lake na mbele ya mkubwa wake mwenyewe, amempa kitu ambacho bajeti haiwezi kukiweka. Kinyume chake nacho nimekiona: ripoti nzuri inapelekwa mkoani ikiwa na sahihi moja, ya bosi. Aliyeiandika usiku kucha hatawahi kuandika nyingine kwa moyo uleule.

Watumishi wa umma sasa wana PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS kuanzia mwaka wa fedha 2023/24. Mtumishi anaingiza majukumu yake, msimamizi anaidhinisha na kupima. Mahali pengi kazi hiyo hufanywa kwa haraka ili kutimiza tarehe, wawili hao wakiwa hawajazungumza hata mara moja. Fursa imepotea hapo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuidhinisha, kaa na mtu wako. Muulize mwaka huu anataka kujifunza nini, ni jukumu gani anaona linampotezea muda, ni nini ukimpa atafanya zaidi. Mazungumzo hayo yafanyike hata kama mtandao umekataa siku hiyo. Vivyo hivyo baraza la wafanyakazi, lililo na nguvu ya sheria ya 2003 katika utumishi wa umma: lisiwe kikao cha kupitisha bajeti iliyokwisha kupikwa. Wape wajumbe makabrasha mapema waweze kuwauliza wenzao waliowachagua.

Neno fupi kuhusu lugha. Tunafanya kazi kwa Kiswahili, tunaandikiana kwa Kiingereza, na mlinzi anasainishwa barua asiyoielewa. Andika kwa Kiswahili chepesi kila kinachomhusu mtu moja kwa moja: mkataba, onyo, ratiba, taratibu za usalama. Na jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ofisi za Singida zina watu kutoka Kigoma, Mbeya, Kilimanjaro na kwingine. Mkubwa akizoea kuongea kilugha na wachache wa kwao ofisini, hata kama ni salamu tu, wengine wanaanza kuhesabu nani anapewa nini. Salamu za nyumbani ziache nyumbani.

Nawe uliye chini, unayesoma haya ukimfikiria bosi wako, una sehemu yako. Usipeleke tatizo tupu. Lipeleke na njia moja au mbili za kulitatua, mkubwa asijione amevamiwa. Chagua wakati: si mbele ya wageni wake, si anapotoka kupokea simu ya kufokewa na wa juu yake. Anza na anachokitaka yeye. "Mheshimiwa, ili tumalize kabla ya ukaguzi, naona kuna hatari hii" ni sentensi ambayo wakubwa wengi wanaweza kuipokea. Jambo likiwa zito, liandike, uhifadhi nakala. Watani zetu nao wametuachia njia ya kumwambia mkubwa ukweli kwa mzaha, na pale inapokubalika itumike. Ila utani usigeuzwe fimbo ya kumpigia mtu kila siku kwa kabila lake.

Limebaki moja, na ni la siku ya kuondoka. Wakuu wa ofisi za umma huhamishwa, mara nyingine kwa taarifa ya siku chache, na makabidhiano yetu huhesabu magari, kompyuta, samani na funguo. Ongeza ukurasa mmoja. Andika ahadi ulizowapa wafanyakazi na hazijatimia: nani aliahidiwa ruhusa ya masomo, nani yuko zamu ya kwenda mafunzo, malimbikizo ya nani yamefika hatua gani, hoja ipi ya kikao haijajibiwa. Soma ukurasa huo mbele ya watu wenyewe, anayekupokea akiwepo, wausahihishe palipo na kosa, kisha nyote wawili mtie sahihi na nakala ibaki masjala.